Bi Kicheko Amegoma

Mtu akikupa pole ya msiba unamjibu ahsante, yameisha. Sasa pole ya msiba wako mwenyewe unaijibuje, nawe umesimama hapo mzima wa afya, pasi mkononi, mvuke unakupiga usoni?

Ndiyo yaliyompata Bi Kicheko asubuhi ile katika duka la dobi anakofanya kazi. Aliingia mama mmoja na mfuko wa mapazia, akautua kwenye kaunta, akamtazama mfuaji kwa jicho la huruma na kusema, "Poleni sana jamani. Tumesikia Bi Kicheko ametutoka." Mfuaji, mwanaume mpole anayeshinda kati ya mashine mbili za kufulia na simu yake, aliusogeza mfuko pembeni. Akageuza shingo taratibu kuelekea nyuma, kwenye meza ya pasi. Yule mama naye akageuza yake. Alipiga ukelele, mtu aliyekuwa anapita nje akasimama kuchungulia.

"Nimekufa lini?" Bi Kicheko akauliza.

"Lo! Mama, samahani! Ni huko mtandaoni. Watu wamekuwekea mishumaa."

"Mishumaa ya nini? Nimefanya nini?"

"Si ndiyo hivyo," yule mama akasema, mkono bado kifuani. "Hukucheka."

Haya. Jamani, hebu tulieni niwaeleze, maana jambo lenyewe ukilisikia juujuu unaweza kudhani huyu mama ana kiburi.

Bi Kicheko ana mdogo wake wa kiume, toka nitoke, tumbo moja, ambaye ni mchekeshaji wa jukwaani. Watu wanamwita Kibiriti, kwa kuwa ni mwembamba na kichwa chake kikubwa, na zamani akisimama tu ukumbi ulikuwa unawaka. Amechekesha tangu enzi za kaseti. Wazee wanamjua, watoto wa wale wazee wanamjua. Na katika kila mkanda wake, tangu ule wa kwanza, kuna kicheko cha mtu mmoja kinachosikika juu ya vingine vyote. Hicho ni cha dada yake.

Kicheko chenyewe hakianzi kama vya watu. Kwanza kimya: mdomo wazi, macho yamefumbwa, mabega juu, unadhani amepaliwa. Halafu kinakohoa na kufoka kama bomba lililokatika maji tangu juzi na sasa maji yanarudi, khh, khh, shhh, na ghafla yanamwagika kwa kishindo. Wengine ukumbini wakikisikia, hata kama hawakuelewa kilichosemwa, wanaanguka. Mashabiki walikuwa wakinunua mikanda nusu kwa ajili ya Kibiriti na nusu kwa ajili ya lile bomba. Ndipo jina la Bi Kicheko lilipotoka, na la kwake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti.

Mtu mmoja tu alikuwa hakipendi kicheko hicho: mama yao. Alikuwa haachi onyesho hata moja. Anavaa vizuri, anakaa mstari wa mbele, kiti kinachofuata cha binti yake, na haambulii kitu. Mwanawe akitoa neno, binti anafumuka, na neno linalofuata limepotea. Basi anamfinya paja, finyo la kikwelikweli, na kumwambia kwa hasira, "Hebu nyamaza wewe! Nataka nimsikie mwanangu." Bi Kicheko alikuwa akirudi nyumbani paja zima limevilia damu. Akimwonyesha, mama anamwambia, "Ungenyamaza yangekukuta?"

Mama alipoanza kusahau alihamia kwa binti yake. Alianza na funguo, akaja kwenye majina, akaishia kwenye watu. Viatu anavitia kwenye friji, chai anaitia chumvi halafu anauliza nani mchawi. Bi Kicheko alimwogesha, alimlisha, alimfuata barabarani na kanga mkononi. Kibiriti naye alikuwa akija, siwezi kumsingizia, alikuja. Lakini alikuwa mtu wa safari. Anafika mara mojamoja, anasimama mlangoni na funguo za gari mkononi, viatu hajavua, anauliza hali. Na mama alikuwa anamtazama kwa adabu kabisa, anamwelekeza, "Mita iko nje, baba, pembeni ya dirisha la jikoni." Alimdhani ni yule kijana wa shirika la umeme anayesoma mita.

Yote haya Bi Kicheko alikuwa akimsimulia ndugu yake kwenye simu, ili asilie. Viatu, chai, mita. Walikuwa wanacheka wote wawili mpaka wanaishiwa pumzi, halafu wanakaa kimya kidogo, halafu mmoja anasema haya, lala salama. Ilimsaidia. Mama alipofariki, simu zile ndizo alizozikumbuka kwa shukrani.

Sasa njoo kwenye hayo maonyesho mapya. Kibiriti alikuwa amekaa kimya miaka, kampuni moja ikamfuata, ikamwambia arekodi mawili kwa mpigo, jioni mbili mfululizo, yawekwe mtandaoni. Dada mtu akajipamba, akakaa mstari wa mbele. Kwenye kiti cha mama alikuwa amekaa mtu asiyemjua anayetafuna bisi. Kibiriti alianza vizuri, magoti yake, simu za siku hizi, na Bi Kicheko akatabasamu, bomba bado linavuta maji. Mara akamwona anachukua mtandio, anajifunga kichwani, anapinda mgongo. Akatetemesha sauti. "Mita iko nje, baba!"

Alianza na viatu, akaja kwenye chai, na midomo ameikunja ndani akaigiza hata namna mama alivyokuwa akitafuta meno yake. Ukumbi ulicheka, si sana, kile kicheko cha kuangaliana kwanza. Bi Kicheko aliweka mikono mapajani na hakuitoa tena mpaka taa zikawashwa.

Alimfuata nyuma ya jukwaa. Kibiriti alimwona usoni akajua. "Nimekosea, Dada. Kesho sehemu ile naitoa, haki ya Mungu tena." Mwenzenu akaamini. Kesho yake akarudi na gauni lile lile. Na huyo hapo Kibiriti anatokea, safari hii na mtandio, na mkoba, na miwani ya kamba! Kilichoahidiwa kutolewa kimeongezwa, tena maradufu. Sasa mtu wa namna hiyo unamfanyaje? Bi Kicheko alikaa pale jioni nzima kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

Maonyesho yakatoka, na mashabiki wakapandisha mori. Mfuaji ndiye aliyekuwa mletaji wa habari, maana hakuna anachosoma asikisome kwa sauti.

"'Kibiriti kimelowa,'" akasoma, mashine inazunguka nyuma yake. "Huyu mwingine anasema, 'Mzee ametuchekesha vya kutosha, sasa apumzike asituharibie kumbukumbu.' Mwingine, 'Tatizo si mzee, tatizo ukumbi umekufa. Yule mama wa bomba yuko wapi?'"

"Soma kimoyomoyo," Bi Kicheko akamwambia. Alikuwa kwenye kola. Kwake shati linaanza kola, halafu mabega, halafu mikono, na akiwa kwenye kola hapendi kusemeshwa.

"Ngoja, wanakuzungumzia wewe. 'Mama wa bomba atakuwa amekufa.' Halafu huyu anamjibu, 'Ni kweli amekufa, nimethibitisha.'"

"Amethibitisha kwa nani?"

"Hajasema. Hapa chini wote wanaandika apumzike kwa amani. Huyu analia kabisa: 'Nimekua na kicheko chake, alikuwa kama mama yangu.'"

Bi Kicheko aliisimamisha pasi. Kilichomuuma ni hiki: mama aliyekufa kweli, yule aliyeigizwa kwa mtandio na mkoba, hakuna hata mmoja aliyemwandikia pole. Yeye aliye hai wanamwaga machozi. Akaishika pasi tena, akaibonyeza kola mpaka ikalia.

Basi habari ikaenea kwamba hajafa, yupo, anapiga pasi kwenye duka la dobi. Na hapo ndipo balaa lilipoanza. Watu walianza kuja na nguo safi! Shati halina hata vumbi, mtu analileta lifuliwe ili apate sababu ya kuchungulia. Mmoja anainua simu, "Cheka kidogo tu Bi Kicheko, tuwatoe watu wasiwasi." Mwingine kaja na vichekesho vyake mwenyewe, kavisoma kwenye kaunta kimoja baada ya kingine, foleni nyuma yake inasubiri. Mzee wa heshima zake, suti na tai, alimwambia kwa ukali, "Umemwangusha ndugu yako. Ulikuwa na kazi moja tu." Kazi! Nani alimwajiri? Maisha yake yote hakuna aliyemwambia kucheka ni kazi, na siku aliyoacha ndiyo wanamwambia ametoroka kazini.

"Suti yako tayari kesho kutwa," ndilo jibu alilompa.

Mchana mmoja Kibiriti mwenyewe akaingia, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, koti begani. Akalitandaza mezani.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Koti hili nimelipiga pasi mimi mwenyewe juzi, hata mkunjo wangu haujatoka. Sema kilichokuleta."

Kibiriti alivua kofia. Alikuwa amekonda, na mvi alizokuwa akizipaka rangi sasa zilikuwa zimeachiwa. "Wananimaliza, Dada. Umesoma?"

"Nasomewa."

"Kampuni ilikuwa inataka onyesho la tatu. Sasa wanasema watalifikiria. Wakishasema hivyo najua, ndiyo basi tena, nimekwisha." Akamsogelea. "Ila fundi wa sauti anasema inarekebishika. Uje studio nusu saa tu. Kuna kichumba, unavaa vile vya masikioni, unasikiliza, unacheka. Yeye atakipachika panapotakiwa."

"Panapotakiwa ni wapi?"

Kibiriti alishika kifungo cha koti akakizungusha. "Pale pa Mama."

"Aa, wapi!" Bi Kicheko akaitua pasi. "Nijifungie kwenye kichumba kama mwehu, peke yangu, nimcheke Mama?"

"Si kumcheka, Dada. Kucheka naye."

"Naye yuko wapi?"

Mfuaji alizima mashine, akajidai anatafuta soksi.

"Mbona kwenye simu ulikuwa unacheka?" Kibiriti akasema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mita, viatu, yote. Ulikuwa unacheka mpaka unashindwa kuongea. Wewe ndiye uliyenihadithia!"

"Nilikuwa nacheka na ndugu yangu. Sikujua naongea na ukumbi."

Kibiriti alikizungusha tena kifungo cha koti. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini, "Mama angekuwepo angecheka."

"Mama angekuwepo ungethubutu?"

Akaondoka bila koti. Bi Kicheko alilivuta, akalipiga pasi upya kuanzia kola, ingawa lilikuwa limenyooka, akalitundika kwenye hanga. Alijua kabisa kwamba akigoma anamzika ndugu yake, na akikubali anamfukua mama yake. Na katika dunia nzima ndugu hana mwingine.

Hakwenda studio. Kibiriti hakupiga simu, na yeye hakupiga. Siku zikapita hivyo, kila mmoja kanuna kwake, watu wazima wenye wajukuu.

Halafu asubuhi moja mfuaji akaja mbio kutoka kwenye mashine, mikono ina povu. "Dada! Kumbe ulikwenda! Umekwenda kucheka hata hukuniaga!"

"Nimekwenda wapi?"

"Wameweka upya, limerekebishwa. Watu wamefurahi huko, hujapata kuona. 'Bi Kicheko amefufuka.' 'Sasa ndiyo onyesho.' 'Nilijua mzee hawezi kutuangusha.' Sikiliza wewe mwenyewe." Akaegemeza simu kwenye chupa ya wanga, akapandisha sauti.

Kibiriti huyo hapo, mtandio, mkoba. Viatu kwenye friji. Na baada yake kimya kile, khh, khh, shhh, kikamwagika. Kicheko chake. Cha miaka ile meno yote yapo, kimetolewa kwenye mkanda wa zamani, kikachomekwa juu ya mama yake kama kiraka.

Bi Kicheko aliisahau pasi pale ilipo, juu ya kola. Amenyimwa, basi kaiba! Kamwibia kicheko chake na kwenda kukitumia kwa lile lile alilomkatalia. Alitafuta neno la kumwita ndugu yake, na mengi yalikuja kwa wakati mmoja. Kwenye simu Kibiriti alipinda mgongo. "Mita iko nje, baba!" Bomba likafunguka tena, refu kuliko la kwanza. Na chini ya bomba, karibu kabisa, kama mtu aliyekaa kiti kinachofuata, sauti ya mwanamke ikasema kwa hasira:

"Hebu nyamaza wewe! Nataka nimsikie mwanangu."

Mkono wake ulikwenda pajani wenyewe.

"Rudisha," akasema.

Mfuaji akarudisha. Hebu nyamaza wewe. Nataka nimsikie mwanangu. Ilikuwa sauti ya mama kabla ya kusahau chochote, mama wa gauni la kwendea maonyesho, mama aliyekuwa anajua mwanawe ni nani. Yule fundi alikata kicheko na kila kilichokuwa kimekigandia. Angejuaje? Kwake zilikuwa kelele za ukumbini tu.

"Hata mashabiki wameisikia hiyo," mfuaji akasema, hajui anachokisema, maskini. "Mmoja ameuliza, 'Nani huyo bibi anayewanyamazisha wenzake? Atolewe nje.' Wengi wamemuunga mkono."

Harufu ya kitu kinachoungua ilianza kupanda. Bi Kicheko aliondoa pasi. Kwenye kola ya shati jeupe pamebaki alama ya kahawia, pembetatu nzima, naye hajapata kuunguza nguo ya mtu. Akaiangalia tu. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akachukua simu yake, akampigia ndugu yake.

"Dada," Kibiriti akapokea haraka, tayari kujitetea. "Najua. Najua utasema nini. Ungenielewa, walikuwa wananiua..."

"Umelisikiliza?"

"Nililisikia kwa fundi. Limekaa vizuri."

"Umelisikiliza na vya masikioni?"

"Hapana."

"Vaa. Nenda pale pa mita. Simu usikate."

Alimsikia anahangaika, droo inafunguliwa, kiti kinavutwa. Halafu kimya. Alisubiri huku ameshika ukingo wa meza. Mteja aliingia, mfuaji akamwonyesha kidole mdomoni, mteja akasimama pale pale na furushi lake.

"Rudia," Bi Kicheko akasema, ingawa hakujua kama anasikika.

Alirudia. Dada yake alijua anarudia, kwa kuwa pumzi zake zilikuwa zinakatika mahali pale pale kila mara. Mwishowe sauti ikatoka, ndogo, si ya jukwaani. "Mama huyo."

"Ndiye."

"Alikuwa anakuambia wewe?"

"Kila onyesho. Paja langu lote. Alikuwa hanipendi kabisa ukiwa jukwaani, kwa sababu nilikuwa namzuia asikusikie." Akaitazama ile kola iliyoungua. "Na mashabiki wako wanataka atolewe nje."

Kibiriti alilia. Alilia ovyo, kama hajawahi kufundishwa, na dada yake akamwacha alie. Halafu akasema, "Naiondoa. Leo hii. Yote."

"Ukiiondoa yote na yeye unamwondoa. Toa maneno yako. Yake yaache."

"Watasema nimechanganyikiwa. Bibi anasema nyamaza, halafu kimya."

"Waseme. Si ndiyo kazi yao?"

Akavuta kamasi. "Dada," akasema, "nilikuwa najiuliza kwa nini msoma mita. Watu wote alikuwa hawajui, lakini mimi peke yangu alinipa kazi."

"Unajua kwa nini."

"Najua. Nasimama mlangoni, funguo mkononi, viatu sivui." Akavuta kamasi tena. "Na nilimwonea yule kijana wa watu, Dada. Msoma mita mwenyewe alikuwa anakuja mara nyingi kuliko mimi."

Bi Kicheko alifungua mdomo kumjibu. Hakuna kilichotoka. Macho yalifumba, mabega yalipanda, mteja akadhani mama wa watu anazimia na furushi likamponyoka. Khh, ikasema, khh, shhh, na yakaja, yote kwa pamoja, machozi na kila kitu, akashika meza ya pasi kwa mikono miwili na hanga zikagongana juu ya kichwa chake. Upande wa pili wa simu ndugu yake alikuwa anacheka na kulia, anasema, "Dada, nisamehe, Dada."

Mfuaji alinyanyua simu yake taratibu, kidole tayari kwenye kitufe cha kurekodi. Bi Kicheko, machozi yanamtiririka, alichukua pasi ya moto akamwelekezea.

"Weka chini," akasema.

Akaiweka chini. Mteja akaokota furushi lake, akasogea kwenye kaunta, akauliza kwa woga kama shati lake jeupe liko tayari.

"Bado," Bi Kicheko akamwambia, akajifuta uso kwa aproni. "Nimekuunguzia kola. Njoo kesho, nitakuwekea nyingine."